Salamu za Barabara ya Kasulu

Elieth aliisoma ile karatasi mara mbili, ya pili polepole, labda macho yalikuwa yamemdanganya. Hayakumdanganya. Kwa mwandiko wake mzuri wa mwalimu wa hisabati, Godson alikuwa amempangia msimu mzima, wiki kwa wiki, kuanzia Juni ile mpaka Oktoba, na kwenye mstari wa mbio kuu alikuwa ameandika neno moja tu: fupi.

"Mwalimu," alisema, "hii ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi umekosea jina."

Godson alikuwa amekaa kwenye ngazi za kibaraza, pale kwenye nyumba za watumishi Kibondo, ameshika kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Alijua toka mchana kwamba jioni hii itamtokea puani.

Ili uielewe hasira ya huyu dada, sharti ujue alikotoka. Elieth ni muuguzi, binti wa mzee Dionis wa Kasulu, umri wake miaka thelathini na miwili. Alipokuwa chuoni Dar es Salaam alinaswa na mchezo ule wa vichaa, triathloni, ambapo mtu anaogelea, anatoka majini anapanda baiskeli, anashuka kwenye baiskeli anakimbia, na hakuna kukaa kitako katikati. Na yeye hakucheza zile za kujifurahisha. Alimaliza mbio ndefu mbili kamili: kilometa mbili kasoro majini, tisini juu ya baiskeli, ishirini na moja kwa miguu. Alikuwa anajiandaa kwa ya tatu simu ikaja kwamba baba ameanguka. Kiharusi. Elieth akaomba uhamisho arudi karibu na nyumbani, akapangiwa Kibondo, na kwa miaka mitatu kila mwisho wa wiki ukawa wa Kasulu: kumlisha mzee, kumgeuza, kumfundisha kutembea upya kama mtoto. Mbio akaziacha. Hakulalamika kwa mtu, ila wenye macho waliona kwamba kuna taa ndani yake imezimwa.

Mwaka huu Pasaka mzee Dionis alitembea mwenyewe, na fimbo yake, mpaka kanisani. Wiki iliyofuata Elieth akaipangusa vumbi baiskeli.

Sasa huyu Godson. Mkerewe wa kisiwani, mwalimu wa sekondari, aliyeletwa Kibondo na barua ya serikali miaka miwili iliyopita. Naye aliwahi kushindana mpaka bega lilipomwumbua. Aliposikia kuna muuguzi anayeogelea kwenye bwawa la umwagiliaji alfajiri, alikwenda kutazama, na tangu siku hiyo hakuangalia kwingine. Alijitolea kuwa mwalimu wake wa mazoezi. Kila jioni alikuja kuchukua daftari ambamo Elieth aliandika ametoka saa ngapi, amefika saa ngapi, na daftari lenyewe lingeweza kusomwa kwa dakika tatu, lakini yeye aliondoka baada ya saa mbili. Walipendana. Wote wawili walijua, na hakuna aliyetamka.

Aliyetamka ni mama yake Elieth, mama Josephina, na alitamka kwa kukataa. Alisema hawa walimu wanaoletwa na barua wataondoka na barua, na kwamba hakuzaa binti wa kuja kumtafuta kwenye ramani.

"Nieleze," Elieth alisema akiwa bado amesimama. "Nieleze kwa nini fupi."

Godson alilifungua daftari. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayesoma matokeo mabaya kwa mzazi. "Majini uko vilevile kama kwenye matokeo yako ya Dar. Hapo sina neno, na hilo ndilo linalonichanganya. Lakini baiskeli, kilometa tisini, Jumamosi iliyopita: saa nne na dakika ishirini. Ile ya kabla yake: nne na kumi na tano. Mbio ndefu wanafunga barabara ya baiskeli zikipita saa nne tangu upande. Ukichelewa watakufuata na gari, wakwambie panda, na baiskeli yako wataitupia nyuma mbele ya watu wote. Nimewahi kuona mtu mzima akilia ndani ya lile gari. Sitaki uwe wewe."

"Nimekuwa mzito, siyo?"

"Sijasema hivyo."

"Umeandika."

"Nimeandika kilichomo humu, Eli. Kule njiani hupumziki? Hukai chini hata kidogo?"

"Sijapumzika hata dakika moja. Nikianza ni moja kwa moja mpaka mwisho." Na alikuwa anasema kweli yake yote, hakuficha kitu.

"Basi ndiyo maana nimeandika fupi. Mwaka huu tujenge mwili. Mwakani tutaona."

Hapo machozi yalimjaa Elieth, na yeye si mtu wa machozi. Alimwambia kwamba wenzake kazini wamemwambia mambo ya mbio ni ya wasichana wadogo. Mama yake amemwambia. Hata kioo kimemwambia. "Wote nimewasikia, nikasema sawa, yupo mmoja anayejua. Wewe ndiye uliyekuwa umebaki, Godson."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake bila kutanguliza Mwalimu, na angetamani sana liwe limetoka siku nyingine, kwa sababu nyingine. Godson alisimama. Walitazamana muda, karibu kabisa, kiasi kwamba Elieth aliona mkono wa Godson ukiinuka kumfuta shavu na kurudi ulikotoka.

"Jumamosi nifuate na pikipiki," Elieth alisema. "Usikae na daftari, njoo uone kwa macho. Ukinikuta nimezembea, niandikie fupi na nitaisaini. Usipoona uzembe, utaniambia nguvu zangu zimekwenda wapi. Usajili wa ndefu unafungwa Jumapili ya wiki ijayo. Sina mwakani wa kusubiri."

*

Jumamosi walitoka Kibondo kumepambazuka, ukungu bado umelala kwenye mabonde. Godson alikaa nyuma kama mita mia mbili ili asimsumbue. Na kwa kweli kile alichokiona mwanzoni kilimfanya asahau kubadili gia. Elieth alikuwa ameinama juu ya baiskeli, mgongo umetulia, miguu inazunguka bila papara, na kilima cha kwanza alikimeza bila kuinuka kwenye kiti. Mtu gani mzito huyu? Mita ya pikipiki ilisoma thelathini na mbili, thelathini na nne. Godson alianza kukosa raha, maana hesabu zake hazijawahi kumdanganya.

Kisha mbele akatokea mzee mmoja na jembe begani. Elieth akafunga breki. Akashuka. Akaiegemeza baiskeli kiunoni, akainama kidogo, akapiga makofi yale ya taratibu ya viganja vilivyokunjwa. "Mwakeye," akamsalimia kwa Kiha, na mzee akaitikia twakeye, akaulizwa nyumbani, akajibu nyumbani, akaulizwa mahindi, akaulizwa mgongo wake ulivyoamka, naye akauliza hali ya mzee Dionis na fimbo yake. Wakaagana. Elieth akapanda, akaondoka kwa kasi ileile.

Godson akasema moyoni labda ni jamaa yao.

Nusu kilometa baadaye, akina mama wawili na vikapu vya maharage. Breki. Kushuka. Mwakeye. Kilometa moja mbele, bibi aliyekaa mlangoni kwake, mbali na barabara, ambaye angeweza kupitwa bila hata kujua. Elieth alishuka, akamfuata. Baada ya hapo mwalimu wa watu akatoa saa yake mfukoni, akawa anaisimamisha kila anaposhuka na kuiwasha kila anapopanda. Mwanzoni alikuwa na hasira. Kufika daraja la Malagarasi hasira zilikuwa zimegeuka kicheko, akicheka peke yake juu ya pikipiki mpaka wenye bodaboda wakamtazama. Na mahali fulani baada ya hapo kicheko nacho kikaisha, maana alielewa sasa alimfanyia nini binti huyu kwa penseli yake.

Kilometa ya tisini iliangukia jirani na Makere. Elieth alishuka, akajitupa kwenye majani, akamsubiri. Alikuwa amejiandaa kusikia lolote.

"Saa nne na dakika kumi na nane," Godson alisema.

Elieth alifumba macho.

"Hiyo ni ya daftari. Sasa sikiliza hii nyingine. Saa tatu na dakika mbili."

"Hiyo ya nini?"

"Ya baiskeli. Ile iliyobaki umesalimia watu. Mara arobaini na moja, Elieth. Nimehesabu. Yule bibi wa kule kwenye mlima peke yake amekula dakika nne."

Elieth alimtazama bila kuelewa mara moja, halafu akaelewa, na bado hakukubali. "Lakini huko si kupumzika. Huko ni kusalimia."

"Najua."

"Ningewapitaje? Nimpite mtu mzima nimekaa juu ya baiskeli kama sina kwetu? Dar nilikuwa napita kwa sababu hakuna anayekujua. Hapa hawa watu walinishikia baba yangu nilipokuwa kazini."

Godson alikaa karibu naye, akaweka saa chini kati yao. Akamwambia kwamba majini hakuna mzee wa kusalimiwa, ndiyo maana majini alikuwa vilevile. Na huko kijijini Kumsenga anakokwenda kukimbia jioni bila shaka ni hadithi hiyohiyo. Akamwomba radhi, na hakuizungusha. Alisema aliamini karatasi kuliko yeye, na kwamba ni kosa ambalo asingependa kulirudia kwa mtu huyu maishani mwake. Elieth alicheka huku akilia, akampiga kofi la bega, bahati mbaya lile bega bovu, na mwalimu akajikaza.

Lakini kocha ni kocha. Elieth alipomaliza kucheka, Godson alimwambia ukweli uliobaki. "Umeshuka mara arobaini na moja. Kila ukishuka mapafu yanapumzika, miguu inapumzika. Sijui kama unaweza kwenda bila kushuka. Wala wewe hujui. Na baada ya hapo kuna ishirini na moja za kukimbia."

"Basi Jumamosi ijayo tujue."

"Na wazee?"

Hilo kwa Elieth lilikuwa gumu kuliko kilima chochote. Alifikiri kutafuta njia nyingine, lakini njia nyingine ya lami ndefu kiasi kile haikuwepo, na kila njia ina wazee wake.

"Nitakuwa mbele yako," Godson alisema. "Mimi nitawasalimia. Nitashuka kwa kila mmoja, nitapiga makofi, nitaeleza kwamba umenituma kwa sababu leo huwezi kushuka. Wewe ukipita watakuwa wameshapata haki yao."

Elieth aligeuka kumtazama. Mwanamume mzima, mwalimu mwenye tai siku za wiki, anataka kushuka kwenye pikipiki mara arobaini kwa ajili yake. Alitaka kusema neno fulani ambalo lilikuwa limemkaa moyoni miezi hii yote. Akasema, "Kiha chako kibaya sana."

"Nifundishe. Nina wiki nzima."

*

Jumamosi ya pili Godson aliipima njia kuanzia Kasulu kurudi nyuma, ili kilometa ya mwisho ya kukimbia iishie nyumbani kwa mzee Dionis, ambako Elieth alikuwa anakwenda kulala vyovyote vile. Mwanzo ukaangukia nje ya Kibondo kidogo. Rabia, muuguzi mwenzake na jirani yake, alikuja na pikapu ya kaka yake kukaa nyuma na saa, maji na viatu. Godson akatangulia.

Kilometa kumi za kwanza Elieth alisumbuka. Kila alipoona mtu mzima mbele, vidole vyenyewe vilikwenda kwenye breki. Lakini mtu mwenyewe alikuwa ameshasimama pembeni, anamsubiri, anapiga makofi. "Twakeye, twakeye, tumezipata salamu zako," mzee mmoja alimwambia. Elieth aliinua mkono, akainamisha kichwa, akapita. Aliona aibu, kisha akaona kwamba mzee anatabasamu, na aibu ikapungua. Wa pili naye vilevile. Kufika darajani alikuwa hashiki breki tena, na mapaja yalikuwa yameanza kuwaka moto kwa namna ambayo hajaisikia tangu Dar, moto ule anaoujua, akaukaribisha kama mgeni wa siku nyingi.

Kwenye mlima ule mkali alikuwa anahema kwa kinywa wazi. Bibi yule wa dakika nne alikuwa ameletewa kigoda mpaka ukingoni mwa barabara.

"Genda, mwananje," bibi alimwambia, yaani nenda, mwanangu. "Mumeo ameshapita. Katusalimia vizuri, ila Kiha hajui."

Elieth nusura aingie mtaroni. Mumeo nani? Alitaka kushuka amweleze bibi kwamba hapana, yule ni mwalimu wa mazoezi. Lakini kushuka ni dakika nne, na dakika nne ni jaribio zima. Akapanda mlima na neno lile masikioni.

Na hapa ndipo Godson wa watu alipopotea, maana alijifunza makofi, akajifunza mwakeye, akajifunza kuuliza mahindi, lakini hakuna aliyemfundisha jambo moja ambalo kila mtu wa njia ile analijua. Mwanamume habebi salamu za binti wa mtu kutoka mlango hadi mlango, kwa jina la baba yake, ila awe kaka yake au mkwe. Na kaka zake Elieth wanajulikana. Kwa hiyo kila alipoondoka, nyuma yake simu ilitolewa kwenye mfuko wa koti au kwenye upindo wa kitenge, na habari ikapigwa Kasulu: mkwe wa Dionis yuko njiani, anawasalimia watu, kijana mwenye adabu.

Elieth alizisikia njia nzima. Mkwe wetu Mkerewe kapita. Mumeo kapita, mwambie apunguze mwendo. Hongera, mwanetu. Kila mmoja alikuwa wa kukanushwa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumkanusha bila kusimama. Ilipofika kama kilometa ya themanini aligundua jambo lililomfanya acheke kwa sauti peke yake juu ya baiskeli. Hakutaka kukanusha. Angekuwa na siku nzima ya kusimama na saa hamna, bado asingekanusha.

Penye alama ya tisini Rabia aliidaka baiskeli, akamrushia viatu. "Tatu na dakika nane," alisema, "na njia nzima wananiuliza mimi ni wifi yako au nani. Kimbia."

Akakimbia. Kilometa tano za kwanza miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Ya kumi jua lilikuwa limekaa utosini, na ubavu ulimchoma mpaka akafikiria kutembea kidogo tu, hatua kumi, nani atajua. Akamkumbuka baba yake akijifunza kuvuka chumba, ukuta hadi ukuta, jasho likimtiririka, akikataa mkono wa mtu. Hakutembea. Ya kumi na tano ubavu uliachia. Ya kumi na nane aliiona Kasulu, mabati yake yakimetameta juu ya kilima, na ghafla mwili ukawa wake wote, kuanzia nywele mpaka kucha. Aliongeza mwendo. Watoto walitoka shambani wakamfuata mpaka pumzi ikawaishia, na wauza ndizi wakasimama. Elieth alilia njia ile ya mwisho bila kupunguza hata hatua, kwa furaha tupu, maana alikuwa amejikuta.

Aliingia nyumbani kwao mbio akagusa ukuta, Rabia akabonyeza saa. Kisha akainua uso, akaona kwamba ua umejaa watu.

Wajomba walikuwepo. Majirani walikuwa wametandikiwa mikeka. Mama Josephina alikuwa amevaa kitenge kipya na uso wa mtu asiyejua akasirike au apike. Na katikati, kwenye kiti cha mgeni, alikaa Godson, vumbi limemfunika mpaka kope, amekunja mikono magotini kama mtahiniwa. Mbele yake mzee Dionis, fimbo kati ya miguu.

"Elieth," mzee alisema. Tangu augue maneno yake yalitoka moja moja, na watu walizoea kuyasubiri. "Tangu asubuhi napigiwa simu. Wananipa hongera. Nauliza ya nini. Wananiambia mkwe anakuja. Huyu kafika. Namwuliza. Anasema yeye ni kocha."

Elieth alikuwa bado ameinama, mikono magotini, pumzi haijarudi. Godson akasimama.

"Mzee," alisema, "sikujua ninachokifanya. Nilitaka asilazimike kushuka, basi. Salamu nilizobeba leo ni zake. Maneno yangu mwenyewe siwezi kuyasema nikiwa na vumbi hili na bila wazazi wangu, nisije nikaonekana sikufunzwa. Lakini mkiniuliza kama wale watu wa barabarani wamesema uongo, nitashindwa kuwajibu."

Wajomba wakageukiana kwenye ile mikeka. Mama Josephina ndiye aliyewahi kuuliza.

"Na barua ya uhamisho ikija? Utamchukua mwanangu umpeleke kisiwani?"

"Mama," Elieth alisema, sasa amesimama wima, jasho likimdondoka kidevuni. "Barua ikija tutaisoma wawili, mimi na yeye. Nilipofuatwa na simu ya baba nilikuja mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, na sijutii hata siku moja. Nikienda nitakwenda hivyohivyo. Na mtakapoumwa nitarudi hivyohivyo."

Mama hakukubali, lakini alikwenda kuchukua maji na taulo, na alipomletea binti yake alimfuta shingo mwenyewe, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mzee Dionis alimgeukia Rabia. "Amekimbia muda gani?"

"Saa moja na dakika hamsini na moja, mzee. Bila kusimama. Baiskeli saa tatu na nane."

"Ni nzuri?"

Swali lilimwelekea Godson. Alifuta macho kwa mkono, vumbi likawa tope. "Mzee," alisema, "ni bora kuliko alivyokuwa kabla hujaugua. Zote mbili."

Mzee aliinamisha kichwa juu ya fimbo. Mabega yake yakatikisika kidogo, na wajomba wakatazama pembeni. "Uliacha kwa ajili yangu," alimwambia binti yake. "Kila niliponyanyua mguu nililikumbuka hilo. Nilikuwa naomba Mungu niishi mpaka nione umeanza tena." Kisha akanyoosha fimbo kumwelekea Godson. "Huyu ndiye aliyekurudisha?"

"Nimerudi mwenyewe, Baba. Yeye alinibebea salamu."

Watu wakacheka, na hata mama Josephina alijificha nyuma ya taulo. Elieth akamwomba Rabia simu. Hapo hapo, amesimama katikati ya ua, vidole vinateleza kwa jasho, alifungua ukurasa wa usajili, akaandika jina lake na la baba yake, na penye umbali akabonyeza ndefu. Akasubiri mpaka jibu likaja. Akamwonyesha Godson, karibu sana, mbele ya wazazi wote, bila kurudi nyuma.

"Sasa andika upya, Mwalimu. Msimu mzima."

Godson alitoa daftari kwenye koti. Aliandika wakiwa wote wanamtazama: Agosti ile fupi, kwa kuchangamsha damu. Septemba milima. Oktoba ndefu. Alipofika chini ya ukurasa kalamu ikasita, naye akainua macho kwake.

"Na baada ya Oktoba niandike nini?"

"Novemba, wiki ya kwanza," Elieth alisema. "Andika wazazi wako wanakuja Kasulu."

Godson hakuwa bado ameandika hata herufi moja mzee Dionis alipopiga fimbo chini na kuitikia, "Waje."